Nani Alitupa Udongo Wangu

Bodaboda ilikuwa haijasimama sawasawa Elinipa alipoteremka. Alimpa dereva noti, hakungoja chenji, akaruka mtaro na kuingia gerejini kwa Thomasi kama mtu aliyekuja kukamata mwizi wake.

Ngarenaro mchana huo ilikuwa Ngarenaro ile ile. Grinda inalia huku, bati linagongwa kule, redio mbili zinashindana kelele. Mafundi wawili waliokuwa wameinamia injini waliinua vichwa. Walimjua. Picha yake ilikuwa imebandikwa ukutani ofisini kwa bosi wao tangu alipoondoka kwenda kusoma Marekani, na wiki hii yote bosi alikuwa hana habari nyingine isipokuwa posa, posa, posa ya Jumamosi. Mmoja alianza kutabasamu. Alipouona uso wa mgeni vizuri, tabasamu likamfia mdomoni.

"Shem, karibu..."

"Bosi wenu yuko wapi?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Thomasi alikuwa anatoka chini ya gari, ovaroli imeloa grisi, nyaya mbili za umeme zinaning'inia mkononi. Alisimama, akafungua mdomo amwite jina lake.

Kofi lilimwahi.

"Hizo ni salamu," alisema Elinipa. "Zile za baba."

Grinda ikazimwa. Hata redio moja ikapunguzwa sauti, maana Ngarenaro ugomvi wa mapenzi haupitwi hivi hivi.

Jana yake tu ndipo alipotua KIA, shahada ya pili mkononi. Begini alikuwa na mkasi mpya wa kupogolea kahawa aliomnunulia baba yake, Mzee Gerson. Mkasi wa kuombea radhi huo. Mwaka mzima baba na binti walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na sababu ilikuwa huyu huyu Thomasi: Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki, fundi umeme wa magari. Mzee Gerson, Mmeru wa Akheri, mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri, hakutaka hata kulisikia jina lake. "Huyo Mangi wako," ndivyo alivyomwita, jina wanalotaniwa Wachaga wote, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa. Simu za Elinipa hakuzipokea tena. Akawa anasikia habari za baba kupitia kwa mama yake, aliyeitwa Ruth, na kupitia kwa Thomasi ambaye naye alizipata kwa mama.

Thomasi alimpokea uwanja wa ndege, akamkumbatia muda mrefu kupita kiasi, akamwendesha njia nzima bila kusema la maana. Nyumbani walikuta akina mama wamejaa sebuleni na mchungaji amekaa na Biblia mapajani. Ndivyo wanavyofanya huko kwao mtu wa mbali anaporudi kwenye msiba asioujua. Wanamkusanyikia, wanaomba, halafu mmoja anasema. Elinipa hakungoja mtu aseme. Alitupa macho dirishani, akaliona kaburi migombani, limejengewa, linang'aa kwa marumaru nyeupe. Msalabani iliandikwa Februari. Sasa ilikuwa Juni.

"Machi ulinipigia simu," aliendelea, sauti ikipanda. "Ukaniambia, baba anakusalimu. Aprili, anakusalimu. Pasaka ukaniambia, mzee anasema Pasaka njema. Mtu yuko chini ya ardhi, Thomasi. Alinisalimu vipi?"

"Eli, twende ofisini."

"Siendi popote. Hapa hapa. Hawa mafundi wako walikuja mazishini?"

Mafundi walirudisha macho kwenye injini.

"Walikuja," alisema Thomasi.

"Wakala?"

"Eli, tafadhali..."

"Nauliza, chakula cha msiba wa baba yangu walikula?"

"Walikula."

"Basi na hili watalisikia. Wao walimzika. Mimi mwanawe nilikuwa natumiwa salamu."

Thomasi alijifuta mashavu kwa kiganja, grisi ikabaki usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala, na Elinipa alijikuta akitaka kumfuta ile grisi. Alijichukia kwa hilo. Akakunja ngumi.

"Nina swali moja tu," alisema. "Nimemuuliza mama asubuhi, akajifuta machozi kwa kanga, akaniambia nikuulize wewe. Nani alitupa udongo wangu?"

Swali hilo si dogo kwa watu wa ukoo wa Mzee Gerson. Jeneza likishashushwa, mchungaji hutupa udongo, kisha mjane, kisha mtoto wa kwanza peke yake, wadogo zake wakisubiri nyuma. Zamu hiyo hairukwi. Mtoto wa kwanza asipokuwepo, lazima mtu asimame mahali pake, na yule atakayesimama, tangu siku hiyo ukoo unamhesabu kuwa mtoto wa marehemu. Elinipa ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza. Usiku kucha alikuwa amewapitisha kichwani wajomba na binamu, mmoja mmoja, akitafuta wa kumchukia.

"Baba yako alikuja hapa," alisema Thomasi.

"Uongo."

"Mwezi wa kwanza. Alikaa pale." Alionyesha siti kuukuu ya gari la Noah iliyowekwa ukutani kwa ajili ya wateja.

"Baba yangu aje hapa? Baba aliyesema bora gari lake life barabarani kuliko uliguse wewe?"

"Alikuja, Eli. Alikuwa ametoka hospitali, miguu imevimba, viatu havimwingii. Alikuwa ameambiwa figo zimekwisha. Hata mama yako alikuwa bado hajamwambia. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, ndiyo mara ya kwanza kuniitikia tangu anijue. Akaniuliza kitu kimoja. Ile karatasi ya chuo. Ni kweli Elinipa akitoka Marekani hawezi kurudi?"

Hasira ya Elinipa, iliyokuwa ikienda mbio tangu jana, ilijikwaa hapo.

Aliikumbuka karatasi. Nani angeisahau? Desemba iliyopita ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chao ilikuwa imewatumia mwongozo wa safari, maana mambo ya uhamiaji yalikuwa yamechacha na wanafunzi walikuwa na wasiwasi. Krismasi familia nzima ilimpigia kwa video kutoka Akheri. Wakaanza kumbembeleza: njoo nyumbani Pasaka, njoo uyamalize na baba yako. Elinipa hakutaka kuyamaliza. Alitaka baba aumie kidogo, aonje kukosa. Basi akavaa miwani, akaufungua ule mwongozo, akawasomea kwa sauti ya mwalimu: wanafunzi wa kigeni wanashauriwa wasisafiri nje ya nchi. Akafunga. "Mmesikia? Nikitoka sirudi. Hata mtu akifa huko, mimi sitoki." Watu wakacheka. Mama akamkemea kwa kutamka maneno ya mkosi. Nyuma yao, kwenye kiti chake, baba alikuwa amekaa kimya kama hayupo.

Yaliyofuata chini hakuyasoma. Kwamba ushauri ule ulikuwa kwa safari zisizo za lazima. Kwamba mwenye viza hai na saini ya ofisi anaruhusiwa kutoka na kurudi. Kwamba akizuiwa uwanja wa ndege ana haki ya kuonyesha barua ya chuo na kumpigia mwanasheria wa chuo, bure. Na kwamba mwanafunzi aliyefiwa au kuuguliwa na mzazi aje ofisini hata bila miadi, atasainiwa siku hiyo hiyo aondoke. Viza ya Elinipa ilikuwa haina tatizo lolote. Usiku huo alimtumia Thomasi mwongozo mzima, na vikatuni vya kucheka. *Ona nilivyowapiga chenga.*

"Wewe uliusoma wote," alisema, polepole.

"Niliusoma wote."

"Ulijua ningeweza kuja."

"Nilijua."

"Ukamjibu nini baba?"

"Ulitaka nimjibu nini? Mzee ameshusha kiburi chake chote, amekuja kwa fundi asiyemtaka. Nimwambie mwanao alikudanganya mbele ya familia nzima ili asikuone uso? Nimwambie hivyo, akafe na hilo?"

"Ndiyo! Ungemwambia hivyo hivyo!"

"Nilishindwa. Nilimwambia ni kweli. Nikasema karatasi ndivyo inavyosema."

Mmoja wa mafundi aliweka spana chini taratibu, kama mtu aliyeko kanisani.

"Akasema basi asiambiwe," Thomasi aliendelea. "Akasema nikifa atakuja mbio, atafungiwa mlango, miaka yote ya kusoma ipotee kwa ajili ya maiti. Akaniapisha. Mama yako na shangazi Anneth aliwakataza mwenyewe, kitandani. Wote waliiamini karatasi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua."

"Na usiku ule ule ukashindwa kunipigia?"

"Nilishika simu."

"Ukashindwa nini?"

"Alikuwa ameniita mwanangu."

Elinipa alicheka, kicheko kikavu kisicho na raha yoyote. "Neno moja! Mwaka mzima anakuita Mangi, siku moja akakuita mwanangu, ukaniuza."

"Sikukuuza. Nilikulinda!"

"Nani alikutuma unilinde? Nilikuwa na haki ya kutoka, Thomasi, na haki ya kurudi. Zimeandikwa. Ulizisoma kwa macho yako hayo mawili. Mliniwekea mpaka ambao hata Marekani hawakuniwekea!"

"Na nani aliuanza huo mpaka?" Sasa naye alikuwa amepandisha. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Hata mtu akifa sitoki. Hayo ni maneno yangu? Unafikiri nilifurahi? Nilikuwa nakupigia kila jioni, unanisimulia theluji, unanisimulia maprofesa, mimi nimetoka kumbadilisha baba yako mashuka. Nakata simu nakwenda kulia chooni. Usinipige makofi mbele ya watu kana kwamba nilikuwa nastarehe!"

Maneno yalimwingia Elinipa barabara. Kumbadilisha mashuka. Hilo hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Nilisema nikicheka," alisema.

"Mzee hakucheka."

Wakatazamana. Kama wasingekuwa wameudhiana kiasi kile, wangekumbatiana, kila mmoja alikuwa anataka. Hakuna aliyesogea.

"Udongo," alisema Elinipa.

Thomasi aliinamisha kichwa. "Ni mimi. Mchungaji alipomwita mtoto wa kwanza, mimi ndiye niliyesogea. Mzee alikuwa ameacha neno kwa shangazi Anneth kwamba niwe mimi."

Mafundi walingoja kofi la pili. Halikuja. Elinipa alisimama pale, akiuona mkono ule wa grisi ukichota udongo uliokuwa wake. Binamu wote aliowachukia usiku kucha walikuwa hawana kosa. Na kwa kuwa mgeni huhesabiwa mtoto wa nyumba kwa ukwe tu, basi yeye alikuwa ameolewa mazishini, ukoo mzima ukishuhudia, yeye mwenyewe yuko maktaba.

"Washa gari," alisema. "Twende Akheri."

Njia nzima Elinipa aliangalia dirishani, hadi Tengeru, hadi gari lilipoanza kupanda kati ya migomba na kahawa, mlima Meru umejifunika mawingu kichwani. Ndani ya gari mlinukia grisi na ile sabuni ya Thomasi, harufu aliyoitamani baridi nzima akiwa peke yake chumbani. Alikuwa anampenda bado. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Walipofika hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja shambani, akainama chini ya mche wa kahawa wa kwanza, ule baba aliokuwa akianzia kupogoa kila mwaka, akachota udongo mweusi ukamjaa mkononi. Akaja nao migombani, akasimama mbele ya kaburi.

Hapo akakwama.

Marumaru nyeupe juu, marumaru pembeni, zege linalozunguka chini. Hakukuwa na upenyo hata wa kuingiza kidole. Udongo akiumwaga hapo ungekaa juu kama uchafu, na kesho asubuhi mama angeufagia.

"Nani alijenga hili?"

"Mimi," alisema Thomasi nyuma yake. "Nilitaka mzee alale pazuri. Mama yako alisema tusubiri, mimi nikaharakisha. Marumaru nilizipanga mwenyewe."

Elinipa aligeuka.

"Ulinichukulia ugonjwa wake. Ukanichukulia kifo chake. Ukanichukulia zamu yangu. Halafu, Thomasi, hata pa kuweka udongo hukuniachia!"

Tangu jana alikuwa hajalia. Sasa alilia, amesimama wima, ngumi imefumba ule udongo, analia kwa sauti kama walivyolia wenzake Februari. Thomasi alipiga hatua moja kumwelekea.

"Usiniguse!"

Alisimama. Akamtazama, akalitazama kaburi. Kisha akageuka akarudi kwenye gari, na Elinipa akadhani anaondoka zake. Alirudi na nyundo na tindo. Akapiga magoti miguuni pa kaburi, akaweka tindo kwenye kona ya marumaru aliyoipanga kwa mikono yake, akapiga.

Sauti ilisikika nyumba nzima. Mama Ruth alitoka jikoni mbio, kanga ikimporomoka.

"Thomasi! Umerukwa na akili? Unabomoa kaburi la mume wangu?"

"Mwache avunje, mama," alisema Elinipa.

"Nimwache? Na wewe unasimama unaangalia?"

"Mama, ile karatasi ya chuo haikunikataza." Alisema haraka, kabla hajapoteza ujasiri. "Krismasi niliwasomea mstari mmoja, nikafunga. Chini ilisema mzazi akiugua njoo tukusainie uende, na utarudi. Sikuwasomea kwa sababu sikutaka kuja. Nilikuwa nimemnunia baba."

Nyundo ilisimama hewani. Mama Ruth alimtazama binti yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Ungeweza kuja?"

"Ningeweza."

"Akiwa hai?"

"Akiwa hai, mama."

"Na wewe?" Alimgeukia Thomasi. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Mama Ruth alikaa chini, pale pale kwenye majani makavu ya migomba. Hakulia. Alikuwa amekasirika kupita kulia.

"Kila asubuhi alikuwa ananiambia, fungua dirisha la huku barabarani," alisema. "Nikimuuliza unamngoja nani, anasema simngoji mtu. Kumbe mlikuwa mnatuchezea nyinyi wawili. Mmenizikia mume wangu kwa uongo." Kisha akainua mkono, akanyoosha kidole kwenye ile kona iliyopasuka. "Haya. Malizia ulichokianza. Mtoto atupe udongo wake."

Ilichukua muda. Marumaru ilitoka vipande, zege likagoma, jasho likamtoka Thomasi likachanganyika na vumbi jeupe. Tindo ilimteleza ikamchuna vidole, hakusimama. Elinipa alimtazama bila kumhurumia na bila kuondoa macho. Mwishowe ilionekana ardhi, nyeusi, yenye unyevu, nafasi ya kupitisha mkono tu.

Alipiga magoti. Akaingiza mkono, akaufungua.

"Baba, nilikudanganya," alisema. "Mlango ulikuwa wazi."

Mama Ruth alikuja akamshika bega, akambana kwa nguvu hadi akaumia, kisha akaingia ndani bila kugeuka.

Thomasi alikuwa anaokota vipande vya marumaru, damu ikimtoka vidoleni. Alipomaliza alibaki ameinama, hajui asimame au aondoke.

"Jumamosi," alisema, hakuthubutu kumtazama. "Niwaambie ndugu zangu wa Kibosho wasije?"

"Waambie wasije."

Alitikisa kichwa kukubali. Akachukua nyundo yake, akaanza kutembea kuelekea kwenye gari, hatua za mtu aliyechoka.

"Thomasi."

Aligeuka.

"Wewe njoo. Ndugu wa huku watakuwepo wote. Tutawaambia, mimi na wewe, tukiwa tumesimama, kila mmoja aseme la kwake." Alijifuta uso kwa mkono ule ule, udongo ukambaki shavuni. "Na pete iache huko huko Ngarenaro. Lete saruji na mchanga."

Thomasi alimtazama, kisha akalitazama lile tundu miguuni pa kaburi.

"Maji," alisema Elinipa, sauti bado ina hasira, "nitachota mimi."